Anzia Stoo: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayetafuta Fildi na Kazi ya Makumbusho

Mwambie konda wa Dar es Salaam kwamba unashuka Makumbusho, naye atakushusha kwenye stendi ya daladala, katikati ya wauza karanga na makava ya simu. Si mbali na hapo kipo Kijiji cha Makumbusho chenyewe, kilichoanzishwa miaka ya 1960 na kujengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania. Jina limeenea mji mzima kuliko kinachofanyika ndani ya uzio. Anayesomea urithi wa utamaduni anaijua hali hiyo hata nyumbani kwao. Shangazi akimuuliza anasoma nini, jibu lake huzaa swali la pili papo hapo: sasa mwanangu, ukimaliza utaajiriwa wapi?

Shangazi hakukosea kuuliza. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba dunia ina makumbusho 95,000 hivi, na katika hayo bara zima la Afrika lilikuwa na 841. Kwa nchi nyingi maana yake ni taasisi moja ya taifa yenye matawi kadhaa na nafasi za ajira zinazotangazwa kwa nadra. Anayetegemea cheti peke yake atasubiri sana. Ila ndani ya majengo hayo hayo mna kazi tele isiyo na mtu wa kuifanya, na nyingi iko mahali ambapo mgeni hafiki, yaani stoo: vitu visivyo na namba, rejista zilizotafunwa na mende, maboksi ya picha ambazo hakuna aliyeandika ni za nani wala zilipigwa wapi. Mwongozo huu una ushauri mmoja mkubwa, na mengine yote yanauzunguka. Ukienda mafunzo kwa vitendo, yaani fildi kwa wanafunzi wa Tanzania au atachimenti kwa wenzao wa Kenya, omba kupelekwa stoo.

Kwanza, wapi pa kuomba. Wengi huandika barua moja kwenda makao makuu na kukaa kusubiri, ilhali matawi yanatofautiana sana kwa kile yanachoweza kumfundisha mtu. Makumbusho ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ndiyo yenye dhamana ya fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959. Mwenye hamu ya visukuku na historia ya binadamu ana sababu ya kuanzia hapo. Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya boma la Wajerumani, na jirani yake Makumbusho ya Azimio la Arusha, ambako kazi ni ya nyaraka na picha za siasa. Songea wana historia ya Majimaji. Butiama wana maisha ya Mwalimu Nyerere, na huko mwanafunzi atakutana na suala gumu la kuhifadhi vitu vya mtu ambaye ndugu na majirani zake bado wapo na wana kumbukumbu zao.

Ukivuka mpaka, Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na imekuwa makumbusho tangu 1962. Ndani yake zimo mali zilizoopolewa kutoka San Antonio de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980. Chuma, mbao na vyombo vilivyolala baharini karibu miaka 300 vina matatizo yake ya pekee, na anayejifunza kuvitunza anapata ujuzi ambao wachache Afrika Mashariki wanao. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908, na mkusanyo wao wa ala za muziki ulijengwa kwa kiasi kikubwa na Klaus Wachsmann, aliyekuwa mhifadhi hapo hadi miaka ya 1950. Mpiga ngoma au zeze akiomba nafasi Kampala ana la kusema kwenye barua yake ambalo mwenzake hana.

Je, pakubwa au padogo? Kwenye taasisi kubwa kuna wataalamu na vifaa, lakini msimu wa fildi unaweza kukuta wanafunzi wamejaa, nawe ukamaliza wiki zote ukiongoza watoto wa shule za msingi kutoka kabati hadi kabati. Kwenye makumbusho madogo, kama yale ya Bujora karibu na Mwanza yanayohifadhi utamaduni wa Wasukuma, utagusa kila kitu, ila huenda asiwepo wa kukusahihisha. Njia inayofaa zaidi ni kuanza penye msimamizi aliyesomea utunzaji wa mikusanyo, kisha awamu ya pili ukaenda padogo na kutumia ulichojifunza. Kinyume chake ni hatari, maana mazoea mabaya ya kushika vitu yakishaingia mikononi hayatoki kirahisi.

Barua ya maombi iende mapema. Fildi nyingi huangukia likizo ndefu ya katikati ya mwaka, na barua inayofika wiki mbili kabla hukuta orodha imeshafungwa. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo, na kwa Kenya uliza mapema kuhusu bima ya ajali, kwa sababu taasisi nyingi za umma huidai kabla ya kumpokea mwanafunzi. Kisha, badala ya kuandika kwamba una shauku kubwa ya kujifunza, taja kazi. Mfano: “Naomba kusaidia kuhakiki rejista ya vyombo vya udongo dhidi ya vilivyomo stoo, na kuingiza taarifa zake kwenye Excel.” Ofisa anayesoma sentensi hiyo anaelewa mara moja akupeleke wapi, na huenda kazi hiyo imemkaa moyoni miaka mingi.

Kuhusu fedha, ni vizuri kusema wazi. Makumbusho mengi hayamlipi mwanafunzi hata nauli. Kwa Mtanzania mwenye mkopo, mafunzo kwa vitendo ni moja ya vipengele vinavyogharimiwa na Bodi ya Mikopo. Asiye na mkopo apige hesabu ya chumba, chakula na daladala kabla ya kukubali nafasi ya mkoa wa mbali. Tatizo la kufanya kazi bila malipo si la Afrika peke yake. Juni 2019 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Amerika Kaskazini kilipitisha azimio la kuwataka wanachama wake wawalipe wanafunzi wa mafunzo, kwa hoja kwamba kazi ya bure huwaacha nje watoto wa wasio na uwezo. Azimio hilo halitakulipia kodi ya chumba Songea, lakini linakupa ujasiri wa kuuliza kwa adabu kama kuna posho yoyote, hata ya chakula cha mchana. Kuuliza si utovu wa nidhamu.

Sasa stoo yenyewe.

Siku ya kwanza, kabla ya kitu chochote, salimia. Mtunza stoo mara nyingi ni mtu mzima aliyekaa hapo miaka ishirini, pengine bila shahada, na ndiye anayejua kwamba kinyago kilichoandikwa “Mtwara” kwenye rejista kililetwa kweli kutoka ng’ambo ya Mto Ruvuma. Shikamoo yake usiisahau, wala usimwite kwa jina tupu kwa sababu msimamizi wako anamwita hivyo. Ukimheshimu Mzee huyo atakueleza mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote, na sehemu ya kazi yako ni kumwomba ruhusa uyaandike, ukitaja nani kasema na tarehe gani.

Kisha mikono. Chungu hakinyanyuliwi kwa mdomo wala kwa mkono wake. Kinashikwa kwa viganja viwili, kimoja chini. Kabla ya kunyanyua, ujue utakiweka wapi. Pete na saa vinavuliwa. Glavu za mpira wa naitrili zinafaa kwa vitu vingi, na kwa baadhi ya vitu ni lazima: ngozi na ndege waliokaushwa zamani walipakwa aseniki ili wasiliwe na wadudu, na sumu hiyo haijaondoka. Uliza kuhusu sumu kabla ya kufungua droo ya viumbe, hata kama kila mtu chumbani anaifungua mikono mitupu.

Namba ya usajili ndiyo roho ya kazi yote. Mfumo unaotumika mahali pengi una sehemu tatu: 2024.7.3 maana yake ni mwaka 2024, kundi la saba kupokelewa mwaka huo, kitu cha tatu katika kundi hilo. Namba haiandikwi moja kwa moja juu ya kitu, wala haibandikwi kwa selotepu. Kwa vyungu, mbao ngumu na mawe hupakwa kwanza utando mwembamba wa utomvu maalumu, aghalabu Paraloid B-72, namba ikaandikwa juu yake kwa wino, kisha ukapakwa utando mwingine. Mtaalamu akitaka kuiondoa kesho, huifuta kwa asetoni bila kukidhuru kitu. Nguo hushonewa utepe wenye namba, na vikapu hufungiwa kitambulisho kwa uzi. Mwanafunzi anayejua haya matatu na sababu zake tayari anaongea lugha ya wenye kazi.

Pwani ina adui zake. Ukungu hupata nafasi unyevunyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70, na Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam kiwango hicho si habari ya ajabu. Wengi hukimbilia kiyoyozi, lakini kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni kinaweza kuleta madhara kuliko faida, kwa kuwa mbao hutanuka na kusinyaa kila siku hadi zinapasuka. Feni na madirisha yenye nyavu, pamoja na rafu zilizoachana na ukuta, vinasaidia zaidi kuliko mashine isiyo na umeme wa uhakika. Wadudu nao huhitaji jicho la kila siku: unga mlaini chini ya kinyago ni dalili kwamba kuna anayekitafuna ndani. Kitu kidogo cha mbao au nguo huweza kufungwa kwenye plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kikaachwa kirudi joto la kawaida kabla ya kufunguliwa. Hilo lifanyike chini ya msimamizi, maana vitu vilivyopakwa rangi nzito au vya pembe havivumilii.

Halafu kuna mtihani mmoja ambao mwanafunzi anaweza kuupendekeza wiki ya kwanza, na haugharimu hata shilingi. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao yake Roma, lina mbinu iitwayo RE-ORG ya kupanga upya stoo zilizozidiwa. Kati ya vigezo vyake kuna viwili rahisi sana: kitu chochote kiweze kupatikana ndani ya dakika tatu, na kiweze kuchukuliwa bila kuhamisha vingine zaidi ya viwili. Chagua namba kumi ovyoovyo kwenye rejista, shika saa, nenda katafute. Matokeo yaandike bila kumlaumu mtu. Ukurasa mmoja wa matokeo hayo, pamoja na mchoro wa rafu, unaweza kuwa ripoti ya fildi yenye maana kuliko kurasa arobaini zinazoanza na historia ya taasisi iliyonakiliwa kwenye tovuti.

Kwa nini kusisitiza rejista hivi, wakati wenzako wanaota kuandaa maonesho? Tazama suala la urithi uliochukuliwa, linalozungumzwa kila kongamano siku hizi. Mradi wa pamoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Taasisi ya Goethe, wasanii na makumbusho mawili ya Ujerumani, uliofikia kilele kwenye maonesho ya mwaka 2021, ulianza na kazi isiyo na mbwembwe: kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje. Orodha ikapita vitu 32,000. Bila orodha, madai ya kurudishiwa yangebaki hotuba.

Vigango vya Wamijikenda vinafundisha zaidi. Ni nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee waliofariki, na nyingi ziliibwa zikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka ikapita, kimoja kikaonekana kwenye mkusanyo wa Illinois, kingine kwenye makumbusho ya Hampton, Virginia, na kwa sababu picha ilikuwapo, yenye mahali na mwenyewe, vyote viwili vilirudishwa. Mamia ya vigango vingine havina bahati hiyo kwa kuwa hakuna aliyeandika vilitoka boma gani. Na hata panapokuwa na nia njema, karatasi zinaweza kukwamisha: vigango 30 vilivyorudishwa na makumbusho ya Denver vilipofika Nairobi mwaka 2019 vilishikiliwa uwanja wa ndege kwa madai ya ushuru. Aliyesoma fomu za forodha na mikataba ya kukabidhiana ana kazi mbele yake, tena ya kutosha.

Matumaini ya ajira yanahitaji mifano ya watu, na miwili inatosha. Kamoya Kimeu aliajiriwa na akina Leakey mwaka 1960 kama kibarua wa uchimbaji, bila shahada yoyote. Macho yake yakawa chombo cha sayansi. Mwaka 1984 ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa Turkana huko Nariokotome, moja ya mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana. Alipanda hadi kuwa mhifadhi wa maeneo ya kale katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na alifariki mwaka 2022. Njia aliyopita yeye leo ni finyu, matangazo ya ajira yanadai vyeti. Lakini uwezo wa kutambua kitu kwa jicho bado haufundishwi darasani, na wanaouheshimu ni wengi kuliko unavyodhani.

Chao Tayiana Maina alikuja kwa mlango mwingine. Alisoma hisabati na kompyuta Kenya, akaendelea na taswira za kidijitali za urithi Scotland, kisha akaanzisha African Digital Heritage. Amekuwa miongoni mwa waliojenga upya kwa michoro ya kompyuta kambi ambamo Waingereza waliwafungia watu wakati wa Mau Mau, na mwaka 2023 alipata Tuzo ya Dan David ya wanahistoria. Hakusubiri tangazo la nafasi. Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta na subira hilo ni somo, ingawa litazamwe kwa macho makavu: kwa kila taasisi mpya inayosimama zipo kadhaa zinazokufa ruzuku ikiisha.

Kuna mlango wa tatu ambao wanafunzi huupuuza, nao ni majengo. Makumbusho mengi ya ukanda huu yamo ndani ya nyumba ambazo zenyewe ni urithi. Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili walifariki. Anayejua chokaa, boriti na njia za maji juu ya paa, na anayeweza kuzungumza na fundi kwa lugha ya fundi, anatafutwa Lamu, Zanzibar, Bagamoyo na Kilwa. Kama fildi yako iko Mji Mkongwe, tenga siku chache ushinde na mafundi.

Baada ya kuhitimu, Mtanzania atazame tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na asitafute jina “makumbusho” pekee. Kuna Afisa Utamaduni wa halmashauri, kuna mambo ya kale, kuna nyaraka na kumbukumbu, kuna utalii. Mkenya ana mpango wa utarajali wa Tume ya Utumishi wa Umma. Nje ya serikali kuna nyumba za sanaa kama Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, mashirika ya dini yenye nyaraka za karne iliyopita, na benki au magazeti yenye maktaba za picha zinazooza. Uanachama wa ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho lililoundwa mwaka 1946, una ada nafuu kwa wanafunzi. Kanuni zake za maadili zisome zote, maana maswali ya usaili hutoka humo. Siku ya Makumbusho Duniani, Mei 18, ni siku nzuri ya kujitolea na kujuana na watu, mradi usiende kupiga selfi na kuondoka.

Na fildi yenyewe ikikaribia kuisha, usingoje siku ya mwisho kuomba barua. Msimamizi mwenye haraka atakuandikia kwamba ulikuwa mwenye bidii na mchangamfu, maneno yasiyomsaidia mtu. Mpelekee orodha ya ulichofanya ili aithibitishe: vitu vingapi ulivihakiki, rafu zipi, programu gani ulitumia, nini ulikirekebisha. Picha ulizopiga stoo ni za makumbusho, hivyo ruhusa ya kuzionesha kwenye maombi yako ya kazi iombe kwa maandishi, na uulize kama kuna vitu ambavyo wenyewe hawapendi vionekane hadharani. Kazi uliyoifanya iache ofisini katika nakala mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine ya karatasi iliyochapwa, ikiwa na nusu ukurasa wa maelezo: umeishia boksi lipi, namba ya mwisho ni ipi, na vitu gani hukuvipata.